Kamati ya Msiba Ipo, ya Ugonjwa Iko Wapi?

Mtu akifariki mtaani kwetu alfajiri, ifikapo saa nne asubuhi turubai limeshafungwa, viti vya plastiki vimeshushwa, masufuria makubwa yako jikoni na daftari la rambirambi liko mezani, limeshikwa na mtu mwenye mwandiko unaosomeka. Mwenyekiti wa kamati keshapatikana, mweka hazina keshapatikana, namba ya kutumia michango imeshazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Kabla jua halijazama inajulikana nani analeta mchele, nani anatoa gari na vijana gani wanakwenda kuchimba kaburi. Ukiondoa harusi, hakuna jambo tunalolifanya kwa ufanisi wa namna hiyo.

Sasa irudie familia hiyohiyo miezi minane nyuma, siku majibu ya kinyama yaliporudi kutoka maabara yakasema ni saratani. Watu walikuja, tena wengi. Wiki ya kwanza sebule ilijaa machungwa na maombi. Wiki ya tatu simu zikapungua. Mwezi wa nne mke wa mgonjwa alikuwa akikopa nauli ya kliniki kwa mwenye genge. Na wale waliokuja kuchangia jeneza na mabasi ya kwenda kuzika kijijini hawakuwa watu wabaya. Wengi wangetoa mapema kama kungekuwa na mtu wa kuwauliza.

Mchango wa msiba unafanikiwa kwa sababu tatu. Una tarehe: maziko ni kesho saa kumi alasiri, huwezi kusema utatuma mwisho wa mwezi. Una orodha: jina lako lipo au halipo, na kila mtu anaona. Na una zamu: nilikuzikia mama yako, nawe utanizikia baba yangu. Saratani haina hata kimoja kati ya hivyo. Haijulikani itaisha lini, mara nyingi inafichwa, na hakuna anayependa kufikiri kwamba zamu yake ya kuugua inaweza kufika. Ndiyo maana kwenye kundi "tuko pamoja" itaandikwa mara arobaini, lakini ukiuliza Jumanne nani anampeleka mgonjwa hospitali, kimya.

Kwa hiyo swali la kuisaidia familia ya rafiki mwenye saratani ni swali la utaratibu kabla ya kuwa la huruma. Huruma tunayo.

Ukubwa wa jambo wenyewe hauhitaji maneno mengi. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliweka wagonjwa wapya wa saratani nchini Tanzania kuwa zaidi ya 40,000 kwa mwaka, na Kenya zaidi ya 42,000. Kwa wanawake wa Tanzania saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza, ikifuatiwa na ya matiti. Wengi wanafika hospitali wakiwa hatua ya tatu au ya nne, na kwa familia maana yake ni kwamba matibabu yanaanza yakiwa tayari mazito: hakuna kipindi cha kuzoea.

Kisha kuna umbali. Taasisi ya Saratani Ocean Road iko ufukweni Dar es Salaam, kwenye eneo ambalo Wajerumani walijenga hospitali yao miaka ya 1890. Muhimbili, Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi nazo zinatibu saratani, lakini bado mgonjwa wa Sumbawanga au wa Songea anajikuta akihamia mji mwingine, na wa Unguja akipanda boti. Mionzi kwa kawaida hutolewa siku tano kwa wiki, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki kadhaa mfululizo. Mgonjwa analala kwenye mashine dakika chache tu, halafu anarudi alikofikia. Hahitaji kitanda cha wodi. Anahitaji mahali pa kulala mjini, chakula na nauli, kwa yeye na kwa anayemuuguza. Akipangiwa mionzi mara 25 huku amefikia kwa ndugu Mbagala au Gongo la Mboto, mahali panapolazimu kubadili daladala mara moja, basi kwa watu wawili kwenda na kurudi hizo ni nauli 200. Hesabu hiyo haiandikwi kwenye risiti yoyote ya hospitali, na hakuna bima inayoilipa.

Hapo ndipo pa kuanzia. Rafiki anayetaka kusaidia huwa anauliza gharama za matibabu, akisikia mamilioni anakata tamaa, anatuma elfu ishirini na pole. Lakini kwa familia nyingi sehemu ya bili inabebwa na bima, au na msamaha unaopatikana kwa maofisa wa ustawi wa jamii wa hospitali ya umma. Kinachoimaliza familia ni vile vidogo vinavyojirudia: nauli, vocha, maziwa, nepi za watu wazima, kipimo ambacho mashine yake imeharibika na kinabidi kufanyika nje, dawa iliyoisha kwenye dirisha la hospitali ikabidi kutafutwa duka la dawa mtaani. Na kuna mapato yanayokatika. Mama ntilie anayemuuguza mumewe hafungui banda. Fundi anayempeleka mama yake kliniki hapokei kazi. Mtu wa namna hiyo akipewa elfu thelathini kila wiki kwa miezi minne atakushukuru kuliko laki tano zilizokuja kwa kishindo mwezi wa kwanza zikaishia kwenye deni la vipimo.

Ninasema kila wiki kwa makusudi, kwa sababu saratani nayo ina kalenda yake, nayo tunaweza kuitumia kama tunavyotumia saa ya maziko. Dawa za kemo mara nyingi hutolewa kwa mizunguko, na mzunguko wa siku 21 ni wa kawaida sana. Siku ya dripu mgonjwa anakaa hospitali saa nyingi. Siku mbili hadi tano zinazofuata ndizo za kichefuchefu, kutapika na kulala. Wiki ya pili kinga ya mwili inakuwa chini kabisa, ingawa kwa macho anaweza kuonekana ana nafuu. Wiki ya tatu anarudi taratibu katika hali yake, anapimwa damu kuona kama anaweza kupokea dozi nyingine, na mzunguko unaanza upya, mara nne, sita, nane.

Ukishaijua ratiba hiyo, msaada unagawika wenyewe. Siku ya dripu anahitajika mtu mwenye gari, au mtu wa kukodi bajaji na kukaa naye kwenye foleni. Siku za kichefuchefu panahitajika mtu wa kupika kwa ajili ya watoto, maana mgonjwa hali na harufu ya vitunguu vinavyokaangwa inamtesa. Wiki ya pili hapahitajiki wageni kabisa. Wiki ya tatu ndiyo ya kumtembelea, kumtoa akapunge upepo, kumsindikiza kanisani au msikitini kama anaweza. Watu sita wakikaa chini na kalenda ya mizunguko sita, kila mmoja akachukua mzunguko wake, familia imepata miezi minne ya msaada na hakuna aliyechoka. Hiyo ndiyo kamati. Haihitaji turubai.

Kamati hiyo inahitaji mtu mmoja wa kuisemea, na asiwe muuguzaji. Kuna adhabu ambayo familia nyingi zinaipata bila mtu kukusudia: kila siku simu thelathini za "mgonjwa anaendeleaje?", na kila simu inataka ipokelewe kwa heshima na ielezwe tangu mwanzo. Mke anayeuguza anamaliza jioni yake akisimulia ugonjwa. Rafiki mmoja akipewa kazi ya kupokea habari mara moja kwa siku na kuziandika kwenye kundi, kwa maneno ambayo mgonjwa mwenyewe ameyakubali, ameshamfanyia mke huyo kazi kubwa. Rafiki huyohuyo anaweza kuwa kizuizi mlangoni: shangazi asubiri hadi Jumamosi, wanakwaya waje wanne badala ya ishirini.

Kuhusu fedha zenyewe, mambo machache yanavunja urafiki kila mara, kwa hiyo yasemwe mapema. Mweka hazina awe mtu asiyekaa ndani ya nyumba ya mgonjwa, na aandike kila shilingi iliyoingia na iliyotoka. Michango ya maradhi imegombanisha mashemeji wengi, hasa mgonjwa anapokuwa mwanamume mwenye mke upande mmoja na mama na dada zake upande wa pili. Fedha zifike mkononi mwa anayezitumia kila siku, ambaye mara nyingi si yule mwenye sauti kubwa kwenye kikao cha ukoo. Ukituma kwa simu, weka na ya kutolea. Usitume halafu ukadai picha ya risiti. Na kama uliwahi kuidai familia hiyo, au mko kikoba kimoja na wana rejesho, jambo la kwanza la kiungwana ni kwenda kwa viongozi wa kikoba ukaombe marejesho yasimame. Vikoba vingi vina mfuko wa jamii, na ukisoma katiba zao utaona jinsi tunavyofikiri: kuna fungu la msiba, na mwanachama akiugua kuna fungu dogo zaidi linalotolewa mara moja basi. Mtu anaugua mwaka mzima, mfuko umemjua siku moja. Kubadilisha kifungu hicho ni kazi ya kikao kimoja.

Sheria yenyewe inafikiri hivyohivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, kama ilivyotungwa, inampa mfanyakazi anayeugua siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Hiyo ni kwa mgonjwa. Anayemuuguza je? Anapata siku nne zenye malipo akiuguliwa au kufiwa na mtoto, au akifiwa na mwenzi, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu. Soma tena. Mke au mama yako akifa una siku nne. Akiwa anaumwa, kifungu hicho hakimtaji. Wafanyakazi wanaziba pengo hilo kwa kula likizo yao ya mwaka, kwa kudanganya kwamba wanaumwa wao, au kwa kuacha kazi. Wenzake muuguzaji kazini ndio wanaoweza kusaidia hapa kuliko mtu mwingine yeyote: kubadilishana zamu, kumfunika siku ya kliniki, kwenda pamoja naye kwa meneja utumishi akiwa na barua ya hospitali. Na kama bima ya familia nzima imekaa juu ya ajira hiyo, kumzuia rafiki asiandike barua ya kuacha kazi kwa hasira ya siku moja kunaweza kuwa msaada mkubwa kuliko mchango wowote. Kenya nako, tangu mamlaka ya bima ya afya, SHA, ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, malipo ya matibabu ya saratani yana kikomo cha mwaka kwa kaya nzima, na familia inayojua imebakiwa na kiasi gani inapanga mambo tofauti na ile inayogundua dirishani. Rafiki mwenye subira ya kukaa kwenye ofisi hizo na kuuliza, akarudi na jibu lililoandikwa, ana thamani yake.

Kuandika ni msaada ambao haujulikani sana. Chumba cha daktari kinatisha. Daktari anasema mambo sita kwa dakika kumi, mgonjwa anasikia moja, muuguzaji anasikia mawili, wakifika nyumbani wanabishana. Nunua daftari la elfu moja. Andika tarehe, jina la dawa, dozi, majibu ya vipimo, kliniki ijayo, na maswali ya kumuuliza daktari safari nyingine. Piga picha kila karatasi kwenye faili, kwa sababu barua ya rufaa ikipotea kati ya Mwanza na Dar es Salaam siku zinapotea nayo. Ukiwa mtu wa kusoma na kuongea bila woga, ingia naye kwa daktari kama anakubali. Anayelia hawezi kuandika.

Daftari hilo linafaa hata pale ukoo unapoanza kuzungumza India. Kuna hatua ambayo kila familia yenye kiwanja huifikia: mtu mmoja anasema tuuze, tumpeleke nje. Wakati mwingine ni sahihi. Mara nyingine dawa atakazopewa huko ni zilezile anazoweza kupewa hapa, na mashine za kisasa za mionzi Ocean Road inazo tangu mwaka 2018. Rafiki asiwe wa kusema ndiyo wala hapana. Awe wa kusema: kabla ya kuuza, twende na faili hili kwa daktari mwingine bingwa tumuulize ni nini hasa kitakachofanyika huko kisichoweza kufanyika hapa, kwa lengo la kuponya au la kupunguza maumivu, na familia itakaa nje muda gani. Watoto wataendelea kukaa wapi baada ya kiwanja na nyumba kuondoka ni swali la haki, na mgonjwa mwenyewe mara nyingi ndiye anayetaka liulizwe, ila hakuna anayempa nafasi.

Ushauri wa dawa ni janga jingine. Kila anayekuja kumwona mgonjwa wa saratani anakuja na mti. Stafeli, mlonge, unga wa kitu fulani kutoka kwa mtu fulani wa Tanga ambaye amewaponya wengi. Mwaka 2011 tuliona magari yakipanga foleni ya kilometa nyingi kwenda Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapila, na kikombe chake kilikuwa shilingi 500 tu. Mia tano haikumfilisi mtu. Kilichowafilisi watu ni kukodi gari, na kilichowaumiza wagonjwa ni siku walizokaa njiani na dawa walizoziacha. Familia inayouguza haina nguvu ya kukataa ushauri wa kila mjomba, maana mgonjwa akifa wataambiwa hawakujaribu. Kwa hiyo usiiongezee mzigo huo. Ukiwa na mti wako, mwulize kwanza daktari au mfamasia wa hospitali kama unagongana na dawa za kemo, kwa sababu baadhi ya mitishamba huongeza au hupunguza nguvu ya dawa na mingine huchosha ini. Maombi ni jambo jingine, na familia nyingi huyahitaji kama zinavyohitaji chakula. Ila kiongozi wa dini anayemwambia mgonjwa aache dawa ili aonyeshe imani anapaswa kukutana na marafiki wa familia mlangoni, wakiwa wengi na wakiwa na adabu.

Tukija kwenye chakula, nia njema huharibika kwa urahisi zaidi. Tunapeleka pilau. Mgonjwa mwenye vidonda mdomoni hawezi kula pilau, hawezi kula chungwa, hawezi hata kunywa chai ya moto. Anaweza mtori uliopoa, uji mwepesi, mtindi, parachichi, kidogo kidogo mara nyingi. Uliza siku hiyo nini kinapita. Matunda na kachumbari vioshwe kwa maji safi na salama, nyama na mayai viive sawasawa, hasa wiki ile ya pili. Lakini usisahau kwamba kuna watu wengine nyumbani wenye meno na njaa. Mfuko wa mchele, mafuta, sabuni na gesi iliyojazwa ni zawadi kwa wasioumwa. Mwezi wa Ramadhani futari ya familia hiyo ikipikwa zamu kwa zamu na majirani, muuguzaji atapata saa mbili za kulala alasiri. Saa mbili za usingizi ni kitu kikubwa kwake.

Na sasa jambo ambalo kwa malezi yetu linauma kulisema: kuna siku ambapo kumpenda mgonjwa ni kutokwenda kumwona. Seli nyeupe za damu zikishuka, mafua yako ya kawaida yanaweza kumlaza wodini. Mwenye kikohozi, mwenye mtoto anayeharisha, mwenye tetekuwanga nyumbani, abaki kwake na apige simu. Kila rafiki wa familia ajue kanuni moja: mgonjwa aliye kwenye kemo akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, hiyo ni dharura, anakwenda hospitali usiku huohuo, hasubiri kukuche na hapewi panadol kwanza ili homa ishuke. Kipimajoto kinauzwa duka la dawa na hakina bei ya kutisha. Mpe muuguzaji kipimajoto, na namba ya mtu mwenye gari anayekubali kuamshwa saa tisa ya usiku.

Muuguzaji huyo mara nyingi ni mwanamke. Mke, binti, dada, mama. Mara nyingine ni yule binti wa shangazi asiye na ajira ambaye ukoo umeamua kwamba muda wake hauna bei. Mgonjwa akiwa ni mwanamke, na hasa akiwa na saratani ya mlango wa kizazi, kuna maneno yanayofuata: alikuwa anatembea ovyo, amerogwa, ugonjwa unaambukiza usilale naye. Saratani haiambukizi kwa kulala chumba kimoja, kula sahani moja wala kumfulia mgonjwa nguo. Kirusi cha HPV kinachosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi ni cha kawaida kiasi kwamba watu wengi waliowahi kujamiiana hukipata wakati fulani, hata mwenye mume mmoja maisha yake yote. Wapo wanaume wanaohama chumba, na wapo wanaohama nyumba. Marafiki wa mume wana kazi hapa ambayo marafiki wa mke hawawezi kuifanya: kukaa naye kijiweni wakamweleza hayo, na kumwonyesha kwamba mwanamume anayemwogesha mkewe hajapungukiwa kitu. Wakati huohuo mabinti wa nyumba hiyo walio katika umri wa miaka 9 hadi 14 wanaweza kupata chanjo ya HPV, ambayo Tanzania iliieneza nchi nzima mwaka 2018. Kuwapeleka ni msaada pia.

Watoto kwa jumla ndio wanaosahaulika. Wanaambiwa mama amesafiri, halafu mama anarudi hana nywele. Mtoto asiyeambiwa kitu hutunga maelezo yake mwenyewe, na mara nyingi ndani ya maelezo hayo yeye ndiye mkosaji: nilimjibu vibaya, ndiyo maana anaumwa. Wazazi wasaidiwe kusema ukweli mfupi unaolingana na umri: mama ana ugonjwa unaoitwa saratani, dawa zake zinamchosha, si kosa la mtu, fulani atakuwa anakupeleka shule. Mwalimu wa darasa aambiwe. Binti mkubwa aangaliwe sana, kwa sababu ndiye anayegeuzwa mama wa nyumba kimyakimya, na matokeo ya mtihani wake yakija mabaya kila mtu anashangaa. Ukimlipia masomo ya ziada, au ukimchukua alale kwako wiki ya mtihani, umemwokoa.

Wenyeji nao wana haki ya kukumbukwa. Yule ndugu wa Dar es Salaam aliyepokea mgonjwa na muuguzaji kutoka mkoani ana vyumba viwili na watoto watatu. Mithali ya mgeni na jembe la siku ya tatu haiwezi kutumika kwake: huyu mgeni hawezi kushika jembe, na atakaa wiki sita. Marafiki walioko mkoani, wanaosema hawana namna ya kusaidia kwa sababu wako mbali, wanaweza kumtumia mwenyeji mkaa, gunia la viazi, fedha ya umeme. Walioko Minnesota nao wajue kwamba tofauti ya saa ina faida: muuguzaji wa Tanzania asiyepata usingizi saa nane ya usiku, kwa mtu wa Marekani ni jioni. Apigiwe simu saa hiyo, mazungumzo yasiwe ya ugonjwa.

Maumivu ni mahali ambapo familia nyingi huteseka bila sababu. Morfini ya kunywa, ile ya maji kwenye chupa, ni dawa salama ikitolewa na wataalamu wa tiba shufaa, na Hospice Africa Uganda imekuwa ikiitumia nyumbani kwa wagonjwa tangu ilipoanzishwa na Dk. Anne Merriman mwaka 1993. Bado watu wanaamini kwamba ukiona morfini, mtu amekata tamaa, au mgonjwa atakuwa mlevi wa dawa. Wanaificha kabatini, mgonjwa analia usiku, watoto wanasikia. Kama rafiki, uliza wazi kama wanapewa dawa ya maumivu na kama inatolewa kwa saa zilizopangwa, pamoja na ya kulainisha choo, maana morfini hufunga tumbo. Hospitali ikisema hakuna tena cha kuponya, haijasema hakuna tena cha kufanya. Wakati huo ndio wa kumsaidia mgonjwa mwenye akili timamu kupanga mambo yake: wosia, majina ya wanufaika kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, hati ya nyumba ilipo, nani anamdai na anamdai nani. Tunaogopa kwamba kuzungumza hayo ni kumwita Izraili. Wajane wanaozunguka mahakama ya mwanzo miaka miwili wakitafuta barua ya mirathi wangekuwa na maoni tofauti.

Si wote wanaokufa, na hili tunalisahau. Mtoto mwenye saratani ya damu anamaliza matibabu, mwanamke mwenye saratani ya titi iliyowahiwa anarudi kazini. Siku ya mwisho ya mionzi watu wanapiga vigelegele na kutawanyika, nyumba inabaki na madeni, mkono unaovimba, hofu kila kliniki ya marudio inapokaribia. Miezi sita baada ya matibabu kwisha ni wakati mzuri wa kurudi na daftari kuuliza kimebaki nini. Familia iliyofiwa nayo, baada ya arobaini, hakuna anayekumbuka duka la dawa linaidai.

Kwa asiye na fedha, gari wala muda, kuna damu. Wagonjwa wa saratani huongezewa damu mara kwa mara, na ndugu huambiwa watafute wachangiaji usiku wakiwa hawana wa kumpigia. Anayeweza kuchangia ni mtu mwenye afya, umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50; mwanamume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Kusanya majina kumi ya watu wa namna hiyo kwenye kundi lenu leo, ukampe mweka hazina pamoja na tarehe za mizunguko iliyobaki, na lako liwe la kwanza kwenye orodha.